Akijeruhiwa na Mnyama wa Porini: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kufika Hospitali

Familia nyingi riziki yao hutoka porini. Baba ni askari wa wanyamapori, mjomba anarina asali, kijana anachunga ng'ombe pembeni mwa hifadhi. Anayejeruhiwa ni yeye, lakini mara nyingi anayeamua kama jeraha lioshwe au lifungwe tu kitambaa ni mama aliyepo nyumbani. Makala haya ni kwa ajili yako, mama au mlezi.

Kwa nini jeraha dogo nalo ni hatari?

Mtu akikamatwa na mamba au kukanyagwa na kiboko, hakuna anayeuliza kama aende hospitali. Jeraha linalotupa shida sisi wauguzi ni lile dogo: alama mbili za meno kidoleni, au mkwaruzo mguuni.

Kichaa cha mbwa hakipo kwa mbwa peke yao. Mbweha, fisi, nyegere, tumbili na wanyama wengine wanaonyonyesha wanaweza kuwa nacho. Virusi hukaa kwenye mate. Huingia mwilini kwa kung'atwa, kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Dalili mara nyingi hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, wakati kidonda kimeshapona na watu wamesahau. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla hazijaanza, ugonjwa huu unazuilika kabisa.

Mnyama anayezoea kutoka usiku akionekana mchana bila kuogopa watu, ni wa kumshuku. Lakini hata akionekana mzima, usimwamini.

Hatua za kufuata akishang'atwa au kukwaruzwa

1. Kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mwahi hospitali.
2. Kama haitoki kwa wingi, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Hatua hii peke yake huondoa virusi vingi.
3. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya gari, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya mitishamba.
4. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Semeni ni mnyama gani, alifanya nini na saa ngapi.
5. Mhudumu ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ya pepopunda na dawa za kuzuia kidonda kuoza. Kama ngozi imechanika, huenda akahitaji pia sindano ya kinga kuzunguka jeraha.
6. Chanjo huchomwa zaidi ya mara moja, kwa tarehe tofauti. Zitunze tarehe hizo kama unavyotunza za kliniki ya mtoto, na msiruke hata moja.

Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kupata chanjo hii.

Akiumwa na nyoka

Mtulize, mlaze, na asitembee. Vua pete, saa na viatu kabla hajavimba. Mkono au mguu ulioumwa usisogezwe. Ufunge na kipande cha ubao kama aliyevunjika. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kubana. Mbebeni au mtafutieni usafiri hadi hospitali. Msimtafute nyoka ili mmpeleke. Wengine huumwa wakijaribu kufanya hivyo.

Swila akimtemea mate machoni, osha macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha nendeni hospitali.

Mnyama mdogo aliyeletwa nyumbani

Siku moja mama alimleta mwanawe wa miaka saba, kidole kimefungwa kanga. Baba yake alileta mtoto wa tumbili kutoka kazini, watoto wakamzoea wakicheza naye na kumlisha. Alikuwa amemng'ata siku tatu kabla. "Dada, ni kadogo tu, hata damu haikutoka sana," mama aliniambia. Tuliosha kidonda kwa sabuni, lakini chanjo haikuwapo kwetu. Mama alipanda bodaboda siku ile ile hadi hospitali ya wilaya, na mtoto akamaliza dozi zote. Kuchelewa hakukumzuia mama huyu. Nawe ukiwa umechelewa, njoo hivyo hivyo.

Wanyama wa jamii ya tumbili hubeba magonjwa mengine pia. Mwaka 1967 watu 31 waliugua huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade. Wengi walikuwa wafanyakazi wa maabara walioshika damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda. Saba walifariki. Ndipo ugonjwa wa Marburg ulipopata jina lake. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Mtoto wako hana hata glavu.

Basi mnyama wa porini asiingie nyumbani, hata akiwa yatima. Toeni taarifa kwa ofisi ya wanyamapori.

Kabla hajaenda kazini

Mwambie aulize kwa mwajiri au kituo cha afya kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga mapema. Ipo kwa wanaofanya kazi na wanyama. Aking'atwa baadaye, bado ataosha jeraha na kuchomwa dozi za nyongeza. Avae buti, atembee na tochi usiku, na asiguse mzoga kwa mikono mitupu.

Nyumbani, weka kipande cha sabuni na dumu la maji mahali ambapo kila mtu anapajua, hata mtoto. Siku ya dharura hamtakuwa na muda wa kutafuta.