Miti Isiyo na Mwenyewe

Mtu anayeujua Mji wa Zanzibar kwa ramani peke yake angedhani kwamba ni shamba. Mkunazini, Mtendeni, Kikwajuni, Miembeni, Mikunguni, Michenzani, Mwembetanga, Mwembeladu, Mnazi Mmoja: mtaa baada ya mtaa umeitwa kwa mti. Wazee waliotutangulia hawakuhitaji majina ya wafalme wala ya majemadari ili kumwelekeza mgeni njia. Walimwambia apite mkwajuni, na akifika mwembeni aulize tena. Mti ndio uliokuwa anuani.

Majina yamedumu kuliko miti yenyewe. Leo mtu asende Michenzani akitarajia kuchuma machenza. Atakachokikuta ni majumba marefu ya ghorofa yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na barabara pana zinazokutana katikati. Wala sisemi haya kwa kuyalaumu majumba hayo, kwani maelfu ya watu wamepata humo maji na umeme. Nasema tu kwamba mchenza ulitoweka bila ya kuandikiwa hata mstari mmoja, na lau si jina la mtaa tusingejua kuwa uliwahi kuwapo.

Hali ya Mkunazini ni ya ajabu zaidi. Mkunazi ulioupa mtaa jina umebaki katika jina. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana, ambamo husimuliwa kuwa altare imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Humo ndani umetundikwa msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Kwa hiyo mti wa mbali una kumbukumbu yake Mkunazini, umetunzwa na unaonyeshwa kwa wageni kila siku, na mkunazi wa hapo hapo hauna hata kijiti.

Kwa nini imekuwa hivyo kwa watu wa visiwa hivi, ambao kama kuna jambo wanalolijua ni thamani ya mti? Katika mila na sheria zetu mti ni mali kamili, mbali na ardhi uliyosimama juu yake. Mtu huweza kuwa na minazi kumi katika ardhi isiyo yake. Akaiuza, akaiweka rehani, akaiacha wanawe wairithi kwa mafungu. Wageni waliokuja kuandika habari za umiliki wa ardhi Unguja na Pemba walistaajabu kuliona jambo hili, lakini kwetu ni la kawaida kama kugawana samaki. Tufani ya tarehe 15 Aprili 1872 ilipoangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, kila aliyepata hasara alijua ni miti mingapi iliyomwangukia, na waliojiweza wakapanda tena.

Mti wa njiani haukuingia katika hesabu hiyo. Haurithiwi, hauna zao la kupeleka sokoni, na hakuna atakayekwenda kwa kadhi kuudai.

Fikra ya kupanda miti ya mji kwa ajili ya mji ilikuja kwa njia ya juu. Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekuwa pia bingwa wa elimu ya mimea, alileta na kujaribu mimea mingi ya nchi za mbali. Bustani ya Victoria kule Vuga, ambayo asili yake ilikuwa ya Sayyid Barghash, ilitolewa kwa watu wa mji mwaka 1899. Mwaka 1923 ukachapishwa mpango wa mji wa H. V. Lanchester, na mwaka 1936 ikafunguliwa bustani ya Forodhani kwa sherehe ya miaka 25 ya kutawala kwa Sayyid Khalifa bin Haroub. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu kinene juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kazi kubwa, na sioni haya kuisifu. Lakini miti hiyo ilikuwa ya Serikali, na mtoto aliyeuparamia mmoja wao alifukuzwa na mlinzi. Watu waliipita na kuistarehea. Kuiita yao hawakuiita.

Upo hata hivyo mmoja ulioitwa wa watu, nao ni Mtini, pale ufukoni Mizingani. Husimuliwa kwamba ulipandwa na Sayyid Khalifa mwaka 1911, mwaka aliotawazwa. Ukubwa wake si wa kawaida: matawi yameshusha mizizi ya hewani, na kivuli chake kinatosha jamaa wa harusi. Hata hivyo si mkono wa sultani uliouhifadhi, kwani mikono ya masultani ilipanda na kujenga mengi ambayo leo hayapo. Ulihifadhiwa na mafundi waliokaa chini yake wakitengeneza vyombo, na manahodha waliosubiri upepo, na baadaye na vijana wa mashua wanaowachukua wageni kwenda Changuu. Aliyekuja na shoka alipaswa kwanza kuwaondoa watu, na watu hawakuwa tayari kuondoka. Jengo la Dispensari ya Zamani lililo jirani yake, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa mali ya Tharia Topan, liliharibika hadi likahitaji ukarabati mkubwa katika miaka ya 1990, wenye ramani na wahandisi. Mtini hadhi yake ilikuwa ni kukaliwa tu.

Nisije nikaonekana mshairi wa miti. Mtini huohuo, au tuseme nduguze, ni adui mkubwa wa nyumba zetu za mawe. Ndege hula tini, akaitupa mbegu katika ufa wa ukuta wa chokaa. Mvua moja ya masika ikatosha, na baada ya miaka michache mizizi imeingia kati ya jiwe na jiwe kama kabari. Nyumba isiyo na mtu hufunguliwa na mtini pole pole mpaka dari ishuke. Anayehifadhi mji wa mawe hana budi awe na panga la kukatia na ndoo ya kumwagilia, na ajue lipi ni la wapi.

Ujuzi huo ndio uliotupungukia. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba zilikuwa zimekwisha kupimwa na kuchorwa, na milango ya nakshi imehesabiwa. Msituni iko Sheria Namba 10 ya 1996. Mti wa mtaani umesimama kati ya hifadhi mbili, ya majengo na ya misitu, na hukatwa na kila aliye na haja: wa nyaya za umeme, wa bomba la maji, wa barabara. Na mara nyingi hauuawi kwa shoka. Huzungushiwa saruji mpaka shinani, mizizi ikakosa maji na hewa. Hupigiliwa misumari ya matangazo. Taka huchomwa chini yake. Tawi likikatwa sawa, pale penye uvimbe mdogo linapoungana na shina, gome hulifunga jeraha lenyewe. Likiachwa kigutu kirefu, kigutu hufa, kikaoza, na uozo ukateremka ndani. Miaka kumi baadaye kusi ikivuma mti huanguka, na watu wakasema ulikuwa mzee.

Mbele ya msikiti wa mtaani kwetu palikuwa na mkungu. Sijui aliyeupanda, wala baba yangu hakujua. Asubuhi moja tulitoka tukakuta msumeno umekwisha kazi, matawi yamejaa njia na majani yake mapana mekundu yametapakaa hadi barazani. Tulikwenda ofisi ya kwanza kuuliza nani ameamuru, tukaelekezwa ya pili. Ya pili ikasema mti ule haukuwa wake, na ya tatu ikataka kujua sisi ni nani katika jambo hilo. Swali lile halikuwa baya. Tungekuwa wenye minazi tungelijibu papo hapo, tukataja idadi na mipaka na jina la babu. Tulitazamana.

Muuza kahawa aliyekuwa akikaa chini ya mkungu ule alihamia ubavuni mwa ukuta wa msikiti. Kivuli cha ukuta hudumu hadi saa tatu asubuhi. Baadaye hukunja jamvi, hubeba dele lake na vikombe, na wazee huagana hapo, kila mmoja akenda kwake.