Voodoo, kadi iliyowashikisha wachezaji bisibisi

Mwishoni mwa 1996, mpenzi wa gemu nchini Marekani aliyetaka kompyuta yake ionyeshe picha za kiwango cha mashine za sarafu alilipa dola 299, akafungua kasha la kompyuta na kuchomeka kadi ya Orchid iitwayo Righteous 3D. Chipu zake, Voodoo Graphics, zilibuniwa na 3dfx Interactive, kampuni changa ya San Jose, California, iliyoanzishwa 1994.

Kadi hiyo ilikuwa na kasoro ya kuchekesha: haikuweza kuonyesha hata dirisha moja la Windows. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora maumbo ya 3D. Kwa hiyo kadi ya zamani haikutolewa. Waya mfupi ulitoka kwenye kadi hiyo, nyuma ya kasha, ukaingia kwenye Voodoo, na skrini ikachomekwa kwenye Voodoo. Gemu ilipoanza, ndani ya kadi ya Orchid ulisikika mlio, "tik!" Hizo zilikuwa swichi ndogo za chuma zikihamisha picha kutoka kadi moja kwenda nyingine. Mchezaji akitoka kwenye gemu, zinalia tena.

Awali 3dfx ililenga mashine za kumbi za michezo, kwa kuwa memori ilikuwa ghali mno kwa mtu wa nyumbani. Mwaka 1996 bei ya memori iliporomoka, na kadi ya MB 4 ikawa kitu cha kununulika. Kisha Januari 1997 id Software ya Texas ikatoa GLQuake, toleo la gemu ya Quake lililotumia kadi za aina hiyo. Kuta zilizokuwa zikionekana mirabamiraba ukizisogelea sasa zikawa laini, tena bila gemu kukwamakwama. Mwaka 1998 ikaja Voodoo2, na wenye fedha wakafunga mbili katika kompyuta moja. Ukijumlisha na ile ya Windows, ni kadi tatu kwa ajili ya skrini moja!

Hadi hapo 3dfx ilibuni chipu tu, na kampuni kama Orchid, Diamond na Creative zikatengeneza kadi na kuziuza. Desemba 1998 ikatangaza kuinunua STB Systems, yenye kiwanda Juárez, Mexico, ili itengeneze kadi zake yenyewe. Ni uamuzi mgumu kuutetea. Wateja wake wakubwa waligeuka washindani kwa tangazo moja, na wakahitaji chipu za mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwepo. Nvidia, iliyoanzishwa 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, ilikuwa imenusurika kufa baada ya chipu yake ya kwanza kudoda. RIVA 128 ya 1997 ndiyo iliyoiokoa: chipu moja iliyofanya kazi za Windows na za 3D pia. Oktoba 1999 ikaja GeForce 256, iliyoipunguzia prosesa mzigo wa hesabu za maumbo na mwanga. Voodoo5 ya 3dfx ilichelewa hadi 2000, na Voodoo5 6000, yenye chipu nne, haikufika madukani kabisa. Desemba mwaka huo 3dfx ilikubali kuiuzia Nvidia mali zake.

Mgawanyo ule wa kazi, huyu abuni chipu na yule atengeneze kadi, haukufa. Anayeunda kompyuta ya gemu leo hukuta boksi lenye jina la Asus, MSI au Gigabyte, lakini chipu ni ya Nvidia au ya AMD, iliyoinunua ATI ya Kanada mwaka 2006. Kwa chipu ileile, tofauti kubwa kati ya maboksi hayo ni feni, bei na dhamana, hivyo busara ni kuchagua chipu kwanza. Halafu pima urefu wa kadi na nafasi ndani ya kasha, na uangalie nguvu ya pawa saplai: Voodoo ya kwanza ilitosheka na umeme wa sloti yake, ilhali GeForce RTX 4090 ya 2022 hula hadi wati 450.

Nvidia nayo siku hizi huuza kadi zenye jina lake, sambamba na washirika wake. Septemba 2022 mmoja wao, EVGA, aliyekuwa na soko kubwa Amerika Kaskazini, alitangaza kuachana na kadi za grafiki. Dhamana za kadi alizokwisha kuziuza aliahidi kuziheshimu, na pawa saplai akaendelea kuziuza.