Dari ya Gari ya Mbao na Fundi Asiyetajwa

Ukipanda gari ya mbao ya Unguja kwa mara ya kwanza, dari ndiyo inakupokea. Ko! Ishakugonga utosi. Wenyeji huingia wameinama bila hata kufikiria, mgeni anajulikana kwa kushika kichwa.

Ila hiyo dari ina historia yake. Mwaka 1905 Unguja ilikuwa na reli, maili 7 kutoka mjini hadi Bububu. Kufikia 1930 reli ishakufa na barabara imebaki na magari. Lori likija na injini, chesisi na kibanda cha dereva, huku nyuma mnajijengea wenyewe. Kazi ikaangukia kwa seremala. Inua macho ndani ya gari hizi uone mbao zilivyokingamishwa, utadhani mataruma ya jahazi lililopinduliwa. Na lazima ziwe imara, maana juu ya paa inapanda mikungu ya ndizi, magunia, baiskeli, hata kitanda cha bibi harusi.

Sasa weka mbao tupu, barabara ya mashimo na vichwa vya abiria pamoja. Hapo anaitwa fundi makochi. Anapima kwa kamba, anakata sponji nyembamba, juu yake anavuta ngozi ya plastiki. Siri yake ni moja: anaanza kupigilia katikati, anakwenda pembeni huku anavuta. Ukianza pembeni, mikunjo yote inakusanyika katikati na kila abiria ataiona kutoka mjini mpaka Nungwi. Vichwa vya misumari anavifunika kwa mkanda wa rangi nyingine, na hapo ndipo anapoonesha mbwembwe zake. Jina lake haandiki popote. Ubavuni utasoma maneno ya mwenye gari tu.

Siku hizi Hiace na Coaster zimezisogeza gari za mbao pembeni, na dari zake zinatoka kiwandani Japani. Ungesema fundi kaishiwa kazi, eti? Kumbe joto na unyevu wa pwani havijali kiwanda. Ile sponji iliyobandikwa nyuma ya kitambaa inazeeka, inageuka unga, kitambaa kinaning'inia kama chandarua hadi kwenye nywele za dereva. Wengine wanabana kwa pini. Pini zikishindwa, wanamrudia fundi yule yule.

Yeye anashusha ubao wote wa dari nje ya gari, anakwangua unga wa sponji mpaka paonekane pakavu, anapaka gundi pande zote mbili, ubao na kitambaa, kisha anasubiri ishike kidogo kabla ya kubandika. Mwenye gari anaona kama anapotezewa muda, anataka kibandikwe juu ya uchafu yaishe. Wapo waliokubaliwa. Ndio hao wanaoendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia dari.