Fuin: Lakiri, Si Kufuli

Katika zile katuni za Kijapani ziitwazo manga (hazina undugu na pilipili manga), kuna jambo ambalo wasomaji wamelizoea hata hawalishangai tena: kiumbe wa kutisha amezuiwa kwa kipande cha karatasi. Mfano maarufu ni Naruto, kazi ya Masashi Kishimoto iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia 1999 hadi 2014. Mbweha wa mikia tisa ametiwa ndani ya mwili wa mtoto mchanga. Mtoto anapokua na kupata njia ya kuingia ndani ya nafsi yake mwenyewe, anakuta lango la nondo nene, na pale ambapo angetarajia kuona kufuli pamebandikwa karatasi yenye herufi moja. Herufi hiyo ni nusu ya istilahi tunayoitafutia Kiswahili hapa, yaani fuin.

Fuin huandikwa kwa herufi mbili zenye asili ya Uchina. Ya kwanza ina maana ya kufunga au kuziba, kama mtu anavyoziba bahasha, na ya pili ni muhuri. Kabla halijafika kwa mapepo, neno hili lilikuwa la barua, makasha na milango ya ghala, na huko halijaondoka. Gari la kawaida nchini Japani lina fuin kwenye kibao chake cha namba cha nyuma: kifuniko kidogo cha alumini kilichofunika bolti ya kushoto, kimepigwa chapa ya mamlaka ya eneo. Mwenye bisibisi anakitoboa mara moja. Hata hivyo hawezi kukirudisha kilivyokuwa, na kukiondoa bila idhini ni kosa kisheria. Magari ya mtumba yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa huwa yamekwisha kuvuliwa vibao hivyo, kwa hiyo sisi hatukijui kifuniko hicho.

Sasa Kiswahili chake. Neno linalotangulia mdomoni ni kufunga, nalo si baya. Pwani watu husema fulani "amefungwa" na kila mtu akaelewa kwamba hapo hakuna kamba wala pingu. Lakini kufunga kumebeba mizigo mingi: ndoa, saumu, bao, safari. Ukitaka jina kutoka humo unapata kifungo, na kifungo kinampeleka msomaji moja kwa moja gerezani. Gereza ni ukuta na kufuli ni chuma. Vyote viwili hutegemea ugumu wao. Fuin haitegemei ugumu. Inategemea nani aliyeiweka.

Kwa hiyo nachagua lakiri. Zamani lakiri ilikuwa nta nyekundu iliyoyeyushwa juu ya barua na kugandamizwa muhuri ingali moto. Leo utaisikia forodhani, kwenye makontena, na siku ya kupiga kura, pale mawakala wa vyama wanapoinama kukagua masanduku. Wakala hajali kama lakiri ni ngumu, maana ni plastiki tu. Anachotaka kujua ni kama ni nzima, na kama namba zake ndizo zilizoandikwa kwenye fomu. Hivyo ndivyo karatasi ya Naruto inavyofanya kazi. Mbweha ana nguvu za kubomoa mlima, lakini aliyeweka alama ile, kiongozi wa kijiji, alitoa uhai wake kuiweka, na alama inasimama kwa niaba yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili picha hii si ngeni kabisa. Katika Alfu Lela Ulela kuna mvuvi anayevua mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi, na juu ya risasi pana muhuri wa Nabii Suleiman. Jini aliyekaa humo karne na karne hakushindwa na risasi, alishindwa na jina lililopigwa juu yake.

Tukirudi Japani, watu husema mihuri hii yote ya manga ni mambo ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, na hapo inafaa kwenda polepole. Karatasi za maandishi, ishara za vidole na maneno ya siri yanayojaa katika manga yana deni kubwa zaidi kwa Ubuddha wa siri na kwa onmyodo, elimu ya nyota, utabiri na kinga iliyokuwa na ofisi yake serikalini tangu zama za kale. Imani hizi ziliishi nyumba moja na Ushinto kwa karne nyingi. Serikali ya Meiji ndiyo iliyoamuru zitenganishwe mwaka 1868, na miaka miwili baadaye ikaifuta ofisi ya onmyodo. Wachora manga wanachota kutoka katika nyumba ile ya zamani, ya kabla ya kugawanywa.

Kilicho cha Kishinto hasa ni kamba. Shimenawa ni kamba ya mabua ya mpunga inayoning'iniziwa vipande vya karatasi nyeupe, na kitabu cha Kojiki cha mwaka 712 kinaeleza ilikotoka. Amaterasu, mungu-jua wa kike, alijificha pangoni na dunia ikaingia giza. Alipotolewa kwa hila, mungu mwingine alitandaza kamba nyuma yake asipate kurudi. Kamba haikumfunga Amaterasu, wala haikumgusa. Ilichora mpaka. Kwa kamba hii, na kwa ule uzio usioonekana ambao manga huuita kekkai, lakiri haifai kabisa. Kiswahili kina zindiko, kinga inayozungushiwa nyumba au shamba ili kibaya kisivuke, na sioni sababu ya kutafuta jingine.

Halafu, zaidi ya lakiri na zindiko, kuna namna ya tatu ya kushughulika na roho ya kutisha, ambayo manga huipenda kidogo kwa sababu haina mapigano. Sugawara no Michizane alikuwa mwanazuoni na waziri. Alisingiziwa, akapelekwa uhamishoni Dazaifu mwaka 901, akafia huko mwaka 903. Vifo vikafuatana katika jumba la mfalme, na mwaka 930 radi ikapiga ukumbi na kuua watu wa baraza. Watu waliamini ni hasira ya marehemu. Walifanya nini? Hawakumtia mtungini. Walimjengea hekalu la Kitano, Kyoto, mwaka 947, na mwaka 993 wakampandisha cheo hadi kile cha juu kabisa, naye amekwisha kufa miaka tisini. Leo ni Tenjin, mungu wa elimu, na wanafunzi wa Japani humwendea kabla ya mitihani. Kitendo hicho huitwa matsuru, na kukiita kutia lakiri ni kupotosha. Ni tambiko: roho imepewa mahali pake, chakula chake na heshima yake, ikatulia.

Tofauti hii ilisahaulika Machi 2022, jiwe la Sesshoseki huko Nasu lilipokutwa limepasuka vipande viwili. Habari zikaenea duniani kwamba lakiri imevunjika na mbweha Tamamo-no-Mae yuko huru. Katika kisa cha kale mbweha hakufungiwa jiweni. Aliuawa, akawa jiwe lenye kutoa sumu, na mtawa Genno akaja kulivunja na kuituliza roho yake. Kulivunja jiwe kulikuwa dawa, si balaa. Manga zimetuzoesha lakiri kiasi kwamba sasa tunaiona hata pasipokuwapo.

Kuhusu mtu anayebebeshwa kiumbe, Naruto na wenzake, kishawishi ni kumwita kiti, kama waganga wa pwani wanavyomwita anayepandwa na pepo. Ningekataa. Pepo hualikwa kwa ngoma, hupanda, husema haja yake, hushuka. Neno la Kishimoto, jinchuriki, linatokana na nguzo-mtu, yule ambaye hadithi za Japani husema alizikwa hai chini ya daraja au ngome ili msingi ushike. Nguzo haishukiwi wala haiulizwi. Nguzo-mtu ibaki hivyo hivyo.

Linabaki tendo la kuifungua, na Kijapani hapa hutumia toku, kufungua fundo. Mfasiri asikimbilie kuvunja kila mara. Katika Natsume Yujincho ya Yuki Midorikawa, kijana anayekimbizwa anajikwaa kwenye kamba ya hekalu dogo na kumwachia mzuka bila kujua: huyo kweli amevunja. Katika Inuyasha ya Rumiko Takahashi, Kagome anauchomoa mshale uliompigilia Inuyasha mtini miaka hamsini, naye ana haki hiyo, kwa kuwa ndani yake mna roho ya yule aliyeupiga. Huyo ameondoa lakiri. Naruto, baadaye sana, anafungua kwa ufunguo alioachiwa. Kuzindua, ambako zamani kulikuwa kuondoa zindiko, kungependeza mno hapa, lakini siku hizi msomaji angetafuta kwa macho waziri mwenye mkasi na utepe.