Mduara wa Mwazye

Mwazye, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, ni jina ambalo sisi watu wa pwani tumelisikia kwa sababu moja tu: ndiko alikozaliwa Polycarp Pengo, tarehe 5 Agosti 1944. Mtoto huyo wa nyanda za Ufipa aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam tangu 1992 hadi 2019, na ukadinali akaupata 1998. Kwa miaka yote hiyo Kiswahili chake kilisikika katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa enzi za Wajerumani, kati ya 1897 na 1902, likaelekezwa bandarini. Lugha ilipanda bara juu ya mabega ya wapagazi, ikateremka tena pwani kwa ulimi wa mtu wa Ufipa. Nani basi aliyeibeba, na kwa malipo gani? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kukaa ndani ya kanisa la Mwazye. Yafaa kutoka mlangoni na kulizunguka kwa miguu, mzunguko mpana, wa siku kadhaa.

Historia za parokia zetu aghalabu huanza na padri anayefika. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe waliotumwa na Lavigerie uliondoka Bagamoyo 1878. Mnamo 1885 wakakabidhiwa ngome ya Wabelgiji huko Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko vituo vyao vikapanda hatua kwa hatua hadi nyandani. Mwazye ni kimojawapo. Habari hizi ni za kweli, lakini ni za mlangoni tu.

Mtembezi akitoka, kwanza hukutana na upepo. Ufipa ni nchi ya juu na ya wazi, vilima vya majani visivyo na miti mingi, na mtu aliyezoea mikoko na minazi hujiona yu uchi. Katika sehemu mbalimbali za nchi hii yangaliko mabaki ya malungu, matanuri ya udongo yaliyosimama kimo cha mita 3 hivi, kupita mtu mrefu. Hayakuvukutwa. Hewa ilijivuta yenyewe kwa matundu ya chini, moto ukapanda, mawe ya chuma yakayeyuka. Kisha kilichopatikana kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo hilo ndilo lililohitaji mivukuto. Tanuri kubwa lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Sijui ushairi mwingine wa kazi unaoushinda huu: jembe huzaliwa, halifuliwi tu, na jembe hilohilo hutolewa mahari ili mtu azaliwe.

Wahunzi hao walikuwa na mfalme wao huko Milansi, kaskazini ya hapa. Masimulizi ambayo Roy Willis aliyakusanya na kuyachapisha katika miaka ya 1960 yasema kwamba mfalme alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakaja wanawake wageni. Mkewe akawapa kiti cha enzi wakikalie. Aliporudi, nchi haikuwa yake tena. Ukoo wa Watwa ukaitawala, baadaye ukagawanyika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, ila Milansi ikabaki na heshima yake ya kale. Wafipa, basi, walikuwa wamekwisha kulifikiria jambo la mgeni anayepewa kiti muda mrefu kabla ya mgeni kuja na msalaba ama na bunduki.

Tukishika njia ya magharibi, nchi hukatika ghafla. Mto Kalambo, uliofanywa mpaka wa Tanzania na Zambia, huporomoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, Desmond Clark aligundua mwaka 1953 mahali walipokaa watu wa kale mno. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo mawili ya hapo, yaliyochongwa yakaungana, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Hapo neno «kale» hutuponyoka, sisi tunaojivunia misikiti ya miaka elfu moja.

Chini, ziwani, ni Kasanga. Wajerumani waliita Bismarckburg, wakajenga boma. Waingereza wakaliteka Juni 1916. Lakini hapa ndipo mtu wa visiwani asipite haraka. Nchi za kusini mwa ziwa hili ndimo alimopita Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alipokwenda kupigana na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, akarudi na pembe na mateka. Amesimulia mwenyewe, kwa Kiswahili safi, na kitabu chake twakisoma kama hazina ya nathari yetu. Ni hazina kweli. Nyumba yake ingali Mji Mkongwe, na wageni huonyeshwa mlango wake. Mimi nashika kazi ya tafsiri, na sijapata kukisoma kitabu hicho bila kujiuliza wale waliofungwa minyororo waliyasikia vipi maneno haya haya, «twende», «simama», «beba», siku ya kwanza walipoyasikia. Kwa watu wengi wa bara, huko ndiko lugha yetu ilikoanzia kufundishwa. Shule ya padri ilikuja baadaye.

Njia ya kurudi hupanda tena nyandani kwa upande wa Matai. Pande hizi mashamba hulimwa kwa ntumba: majani hufukiwa kwa udongo, yakafanywa matuta ya duara, yakaachwa yaoze, na msimu ufuatao udongo wake uliokwisha kunona husambazwa, ukapandwa ulezi ama mahindi. Hakuna mbolea inayonunuliwa. Zamani jembe la kazi hiyo lilitoka kwenye malungu. Majembe ya viwandani yalipoletwa kwa bei nafuu kutoka ng'ambo, matanuri yakazimika moja baada ya jingine katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Majembe hayo nayo yaliingia nchini kwa bandari zetu.