Siku za Mwizi Arobaini

Mara ya kwanza kumwona Luteni Columbo ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, sebuleni kwa mjomba wangu, Dar es Salaam. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tuliingojea hadi mwaka 1994. Lakini mjomba alikuwa na deki ya video, nasi tulijazana mkekani, watoto mbele, wakubwa nyuma.

Nilidhani filamu ile ina kasoro. Dakika za mwanzo tu tulikwisha kumwona muuaji, alivyoua na alivyoficha. Nikauliza, "Mjomba, sasa tunatazama nini tena?" Akanijibu, "Tulia, mwanangu. Utaona."

Kwa desturi hadithi ya upelelezi ni fumbo. Tangu Mmarekani Edgar Allan Poe alipotoa hadithi yake ya mauaji ya Paris mwaka 1841, hadi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tuliyemsoma katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwandishi humficha mkosaji na msomaji humtafuta. Mwingereza R. Austin Freeman ndiye aliyethubutu kuugeuza mpango huo katika kitabu chake The Singing Bone cha mwaka 1912: kwanza kosa, kisha uchunguzi. Wamarekani wawili, Richard Levinson na William Link, walishika njia hiyo hiyo. Columbo wao alitokea katika televisheni mwaka 1960, akapanda jukwaani mwaka 1962, na mwaka 1968 akapata sura ya Peter Falk, ile tuliyoizoea. Mfululizo wenyewe ulianza 1971, na filamu ya mwisho ilionyeshwa 2003.

Basi, kama fumbo halipo, utamu uko wapi?

Mtazame muuaji. Aghalabu ni mtu mwenye jina: daktari, mwandishi wa vitabu, tajiri mwenye jumba. Kisha anaingia Columbo na koti lake la mvua lililokunjamana na Peugeot kuukuu. Mkubwa anamdharau, nasi tunacheka kimoyomoyo, maana mdharau mwiba mguu huota tende. Columbo hampigi mtu wala hatishi. Huuliza, huaga, na akifika mlangoni hurudi na swali moja zaidi. Wazee walisema siku za mwizi ni arobaini; filamu hizi hutuketisha tuisubiri ile ya arobaini, tukiwa na hakika kwamba itafika.

Nilidhani jibu limekwishia hapo, mpaka nilipokumbuka saa ya baba.

Nilikuwa na miaka kumi hivi saa ile ilipopotea. Nyumbani kulikuwa na kijana wa kazi, mpole, ambaye shati lake lilikuwa na viraka. Hakuna aliyemwona akichukua kitu. Hata hivyo kabla ya magharibi kila mtu alikuwa na hakika, nami nikiwamo. Nilisema nilimwona karibu na chumba cha baba. Kweli nilimwona, alikuwa akifagia, kama kila siku. Hilo la kufagia sikulisema. Akafukuzwa usiku ule ule, bila mshahara wake.

Baada ya miezi mitatu tulihamisha kasha, saa ikaonekana nyuma yake. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akaenda kumtafuta yule kijana kwa jamaa zake. Alikwisha kuhama, wala hatukumwona tena.

Ndipo nilipoelewa kwa nini nazipenda filamu zile. Mle ndani tunaonyeshwa ukweli mapema, kwa hiyo hatuwezi kumwonea mnyonge. Shati lenye viraka haliwi ushahidi. Na mwenye koti kuukuu, ambaye kwetu angekuwa mtuhumiwa wa kwanza, ndiye mwenye kuuliza maswali. Nyumbani kwetu hakuna aliyerudi mlangoni kuuliza swali moja zaidi: "Alikuwa akifanya nini karibu na chumba?" Swali hilo lingetosha.

Peter Falk alifariki mwaka 2011. Bado naziangalia filamu zake, na wajukuu wangu huniuliza lile lile nililomwuliza mjomba. Nawaambia watulie, wataona. Lakini Columbo anapogeuka mlangoni, mimi huinamisha macho kidogo.