Mbaruti wa Milimani: Historia ya Maneno katika Vibandiko vya Mimea Mikavu

Mtafiti wa historia ya maneno huzoea kuzitafuta kamusi, tenzi na hati za wamisionari. Ni nadra kumkuta katika hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Hata hivyo kila karatasi ya hebaria ina kibandiko chenye jina la mkusanyaji, tarehe, mahali na, mara nyingine, jina ambalo wenyeji waliuita mmea. Hilo ni neno lililotiwa tarehe, jambo ambalo kamusi zetu hazitupi mara nyingi.

Tuchukue mfano wa jenasi Carduus, mimea yenye miba iotayo pembezoni mwa misitu na njia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Carduus kikuyorum na Carduus keniensis ilipewa majina na Mswidi Robert Elias Fries mwaka 1923, baada ya yeye na nduguye Thore kuuzuru Mlima Kenya mwaka 1921 na 1922. Mwenzao ni Carduus nyassanus. Katika majina hayo mna kabila, mlima na Nyasa. Hamna neno hata moja la wale waliochomwa na miba yenyewe.

Kiswahili nacho, lugha iliyokulia pwani, hakikuwa na haja ya kuutaja mmea wa milimani. Wafasiri wa Biblia ya 1952 walipofika Mathayo 7:16, waliandika mibaruti. Lakini mbaruti tuujuao mashambani ni Argemone mexicana, mgeni kutoka Mexico, wa jamaa ya mmea wa afyuni, ilhali Carduus ni jamaa moja na alizeti. La ajabu zaidi, neno la Kigiriki katika aya hiyo ni tribolos, ambalo Linnaeus alilitumia kuuita mmea ambao Waswahili huuita mbigili. Neno lililolingana lilikuwapo, likaachwa.

Mahali napo pana utata wake. Kibandiko kisemacho “Sigor” tu hakitoshi, kwa kuwa kuna Sigor ya Chepalungu, katika Bomet, na Sigor ya Pokot Magharibi, mbali kaskazini. Mtu akikosea hapo, neno la Kipsigis litahesabiwa kuwa la Kipokot. Na kwa kuwa lugha hizi ni ndugu, kosa laweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa. Mipaka nayo ilibadilika: Bomet ilimegwa kutoka Kericho mwaka 1992. Waandishi wa kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika 2012, waliigawa Kenya katika sehemu K1 hadi K7 na kushikilia mgawanyo huo. Kericho ni K5, Pokot Magharibi ni K2. Herufi na tarakimu hizo kavu zimeokoa maneno mengi.

Hebaria yenyewe ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902 chini ya Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1976 John Kokwaro alichapisha kitabu cha mimea ya dawa chenye majina ya lugha nyingi za wenyeji. Wanaisimu wangefanya vyema kwenda na daftari zao Sigor, wamwulize mzee jina la mmea ungali mbichi mkononi mwake, na kuandika wilaya.